Mashine ya Mawe Iliyokalia Ngata

Wiki iliyopita vijana watatu kati yenu mlikuja kwangu kuona mashine ya kung'arisha mawe. Mlisimama mbele ya boksi, mkalizunguka, mmoja akapiga chafya, kisha yule mrefu akaniuliza kwa adabu zote, "Mzee, utaiwasha saa ngapi?" Nilicheka mpaka meno yangu ya bandia yakataka kutoka nje kunisaidia. Mashine ilikuwa inafanya kazi tangu juzi yake asubuhi.

Basi nimechukua kalamu. Mliniomba vipimo, na vipimo nitawapa, lakini mtavipata vikiwa vimechanganyika na watu, maana ndivyo nilivyovipata mimi. Msiogope maandishi yangu. Mimi ni mhitimu wa shule ya jioni ya Mbarara. Masomo ambayo wenzangu waliyamaliza kwa miaka minne mimi niliyasoma kwa saba, kwa hiyo nina elimu inayokaribia mara mbili ya yao.

Nianze na siku nilipoziba mfereji wa Hajjati.

Hajjati Zaina alikuwa mwenye nyumba wetu. Nyumba yake ilikuwa upande wa mto, ukivuka kwenda Nyamitanga, na nyuma yake kulikuwa na chumba ambacho Mzee Idi, sonara, alikipanga. Mzee Idi alitengeneza pete za fedha zenye vito vya mawe kwa Waislamu wa mjini, na mimi nilikuwa fundi wake wa mawe. Barazani, kila siku baada ya alasiri, Hajjati alifundisha wasichana kusoma Kurani. Kati ya karakana yetu na baraza lake kulikuwa na ua mdogo, na katika ua huo kulikuwa na mahali pa kutawadha, pana bomba na mfereji wa saruji uliojengwa vizuri na marehemu mumewe.

Sasa, jiwe linang'arishwa kwa msasa wa unga na maji. Ukimaliza unabaki na tope la kijivu, laini kama uji wa mtoto. Nilitazama tope, nikatazama mfereji, nikaona mambo haya mawili yameumbwa yakutane. Nilimimina ndoo nzima siku ya Alhamisi. Ijumaa tope lilikuwa limekuwa jiwe. Maji ya udhu yalirudi nyuma, yakajaa ua, viatu vya wanawake waliokuja vikaondoka kimojakimoja kuelekea mto Rwizi. Siwadanganyi, kandambili moja walisema ilionekana Tanzania.

Hajjati alisimama mlangoni kwetu na kanga ameipandisha hadi kwenye vifundo.

"Idi," akasema, "huyu mtoto wako wa Nakivale amenijengea ukuta ndani ya mfereji."

"Hajjati, tunakuomba radhi," Mzee Idi akasema. Tayari alikuwa ameshika patasi.

"Radhi ya mfereji nimekupa. Sasa nataka kusikia habari ya ile ngurumo."

Ngurumo ni pipa letu. Nitawaeleza pipa, ili mjue alikuwa na haki.

Zamani Mzee Idi aling'arisha kila kito kwa mkono, juu ya ngozi, siku nzima kwa kito kimoja. Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka. Aliichekea mwenyewe: "Mungu amenipa mota mbili bure, kasoro amesahau swichi ya kuzimia." Alipocheka hivyo mimi niliangalia pembeni. Ndipo tukatengeneza pipa: debe la rangi lililolazwa juu ya fimbo mbili, likizungushwa kwa mkanda na mota ya pampu ya maji. Unaweka mawe, msasa na maji, linazunguka wiki nne. Mawe yanapanda, yanaanguka, yanapanda, yanaanguka. Kelele yake ilikuwa kama kinu cha mahindi kilichomeza kinu kingine. Ng'ombe wa Ankole waliokuja mnadani walipita mbali na mtaa wetu wakiwa wameinamisha pembe.

Mtasema, kwa nini tusilizime wakati wa darasa? Tungefurahi. Lakini pipa likisimama tope linashikana na mawe yanagandana. Na umeme wa miaka hiyo ya themanini ulikuja kama mgeni mkubwa, haukutoa taarifa wala haukusema utakaa mpaka lini. Ukija unautumia wote. Chumba cha Hajjati kilikuwa na bahati, nyumba yake ilikuwa kwenye waya mmoja na maofisi ya serikali ya Kamukuzi, kwa hiyo umeme wake ulikatika mara chache kuliko wa mtu yeyote tuliyemjua. Chumba kingine cha namna hiyo Mbarara nzima hatukukiona.

"Byamungu," Hajjati akaniita kwa jina, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, "mimi ninafundisha kwa masikio. Mtoto akikosea herufi nisipomsikia, anaondoka na kosa lake nyumbani, analala nalo, anazeeka nalo. Dhambi hiyo nitaibeba mimi au utaibeba wewe?"

Na shule yangu yote ya jioni, niliinama nikaanza kuokota mabonge ya tope.

"Ramadhani inakuja. Mwezi huo nasoma na wasichana wangu msahafu mzima. Mwezi ukiandama na ile ngurumo ipo, nataka ufunguo wangu."

Zilibaki kama wiki saba. Na hapa niwaambie kilichokuwa kwenye mizani, ili msidhani nilikuwa ninacheza na chuma. Mimi ni mtoto wa Kivu, Zaire. Mama yangu alinivusha mpaka wa nchi nikiwa mgongoni, tukapewa shamba katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, shamba lililozaa mawe kuliko maharage. Siku hizo mtu wa kambini akitaka kukaa mjini alihitaji karatasi, na karatasi yangu ilisimama juu ya barua ya Mzee Idi kwamba ananiajiri. Karakana ikifungwa, barua imekufa. Barua ikifa, narudi kulima mawe, na shule ya jioni naiacha mwaka wa mwisho, na mtihani sijafanya. Mzee Idi naye, na ile mikono, angefanya nini? Hatukulisema jambo hilo. Alichosema tu, akiendelea kuchimba mfereji, ni: "Tope la mawe humwagwa shimoni, mbali na nyumba. Andika kwenye daftari lako la shule."

Niliandika. Andikeni na nyinyi. Tope la mawe halimwagwi kwenye mfereji.

*

Wazo la mashine ya kutetemesha nililipata Kamukuzi. Nilikuwa napita nikaona mafundi wanamimina zege kwenye msingi. Mmoja alishika mtambo unaotetemeka, akauchovya ndani ya zege, na kokoto zikaanza kutembea. Hazikurushwa wala kuanguka. Zilitembea polepole, moja ikipanda bega la mwenzake, zikisuguana kama watu wanaotoka msikitini kwa mlango mmoja. Nilisimama pale mpaka msimamizi akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Nikamwambia nimekipata.

Kanuni ni hii. Chukua mota. Kwenye ekseli yake funga kipande cha chuma upande mmoja tu, ili ikizunguka iyumbe. Funga mota hiyo chini ya bakuli. Weka bakuli juu ya springi. Bakuli litatetemeka, mawe ndani yatajizungusha yenyewe. Kwa kuwa hayaanguki, hayavunjiki kingo, na kito ulichokichonga umbo lake linabaki lilelile. Na badala ya wiki nne unatumia siku chache.

Nilimweleza Mzee Idi kwa mchoro ubaoni, na mishale.

"Na kelele?" akauliza.

"Mzee, hii itakuwa kimya kama paka."

Naomba mnisamehe paka huyo. Nilitengeneza ya kwanza kwa sufuria ya alumini, nusu yake mawe, nikafunga chuma kizito kama ngumi, maana niliamini kutetemeka kukizidi ndiyo kazi inazidi. Springi zilikuwa za kitanda. Nikaiweka juu ya sakafu ya saruji, nikawasha.

Vijana, nimesikia vita viwili. Mashine ile ilivizidi vyote. Sufuria ililia kama kengele ya moto, mawe yakarukaruka, na kabla sijafika kwenye swichi mashine ikaanza kutembea. Ilitoka mlangoni. Waya ulikuwa mrefu kwa sababu mimi mwenyewe niliununua mrefu, kwa akili zangu. Ikavuka ua, ikapita bombani, ikaenda kusimama mbele ya baraza, katikati ya wasichana na misahafu yao, ndipo waya ukachomoka.

Hajjati aliishusha miwani.

"Imekuja kusilimu?" akauliza.

Wasichana walicheka mpaka wakalala chini. Mimi nilibeba mashine yangu kama mzazi anayemtoa mtoto harusini.

Baba wa mmoja wa wale wasichana alikuwa amesimama pale getini, amekuja kumchukua binti yake Mwajuma. Alikuwa sajini, fundi wa malori katika kambi ya jeshi, mtu mrefu wa kaskazini, sote tulimwita Afande. Alinifuata hadi karakana. Nikadhani nimekwisha.

"Wewe kijana," akasema, "hii kitu inataka nini?"

"Inataka kung'arisha mawe, Afande."

"Hapana. Hii inataka ua watu." Aliibonyeza springi kwa kidole, ikalala kabisa, haikuamka. "Springi ya kitanda ni ya kulala. Mimi naleta kwako ya valvu, ya injini. Iko moja, lori ilikufa zamani, tunafanya kiti ya kukalia. Lakini sikia. Mtoto yangu anasoma hapa. Yeye anarudi nyumbani anasema baba, leo nilisikia mashine peke yake. Ukitengeneza mbaya tena, mimi nakuja na watu ya kubeba."

Alileta springi nne, zimefungwa kwenye gazeti, zimeoshwa kwa dizeli. Hakutaka hata chai. Zilezile nne ndizo zilizo chini ya boksi mlilolizunguka wiki iliyopita. Afande, popote ulipo, bado zinasimama wima kuliko mimi.

Springi zilitibu nusu ya ugonjwa. Mashine iliacha kutembea, lakini kelele ilibaki, sasa ikiwa mahali pamoja. Wiki zilikuwa zimebaki tatu. Nilikuwa nimeacha kula vizuri na darasani jioni mwalimu wa fizikia aliniuliza swali nikamjibu kwa jina la springi.

"Nenda ukamwone mama yako," Mzee Idi akaniambia. "Ukikaa hapa utaanza kutetemeka wewe, na wawili ni wengi."

*

Nilifika Nakivale Jumamosi, juu ya lori lililopeleka magunia. Mama aliniangalia, akasema nimekonda mingi, akanipa chupa niende kwa jirani kuomba maziwa.

Jirani alikuwa Bibi Kankindi. Alitoka Rwanda na ng'ombe wake miaka mingi nyuma, na ng'ombe hao aliwajua kwa ukoo wao, bibi na mama na shangazi. Nilimkuta ameketi juu ya mkeka mlangoni, mbele yake kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, anakitikisa taratibu apate siagi.

"Mtoto wa Zaire," akasema. "Umekuja na chupa. Hiyo ndiyo salamu ya Mbarara?"

"Shikamoo, bibi."

"Kaa hapa. Suka hiki, mimi nikaangalie ndama. Maziwa hayatoki bure."

Nilikaa. Sasa mimi fundi mitambo, mtu wa fizikia, nikaona kibuyu kinachelewa. Nikakitoa pale kilipokuwa, nikakishika kwa mikono miwili, nikakitikisa. Nilikitikisa kama mtu anayetoa pepo. Jasho lilinitoka. Kibuyu kilipiga ardhi, maziwa yalipiga kuta za kibuyu, kuku wakahama.

Bibi Kankindi alirudi, akasimama juu yangu.

"Byamungu. Hayo maziwa yamekukosea nini?"

"Nayaharakisha, bibi."

"Unayatisha. Nani atageuka siagi na wewe unampiga namna hiyo?"

Akaninyang'anya. Akaokota kitu nilichokuwa nimekisukuma pembeni kwa mguu. Ilikuwa ngata, ile duara ambayo wanawake huweka kichwani chini ya mtungi, yake ilisokotwa kwa maganda makavu ya mgomba, nene kama mkono wangu. Akaiweka chini, akakikalisha kibuyu ndani yake. Kisha akakisukuma kwa kiganja, kidogo tu, kama unavyomwamsha mgeni usiyetaka kumshtua. Kibuyu kikaenda, kikarudi. Kikaenda, kikarudi. Hakukuwa na sauti nje.

"Weka sikio."

Niliweka sikio juu ya kibuyu. Mwanzo nilisikia maziwa yakipiga ukuta, chubwi, chubwi. Akabadilisha mwendo kidogo sana, na ile chubwi ikaisha. Ndani nikasikia kitu kizito kinajigeuza, polepole, mzima mzima.

"Ukisikia yanapiga ukuta, bado," akasema. "Ukisikia yanajigeuza yenyewe, acha hapohapo. Usiongeze. Watu wa haraka wanaongeza, wanapata povu."

Vijana, nilikaa na sikio juu ya kibuyu cha bibi wa watu mpaka akaniuliza kama nimelala. Nilikuwa naisikia mashine yangu. Kosa lote lilikuwa mle ndani, limepangwa kama kwenye kitabu. Chuma changu kilikuwa kizito mno, nilikuwa napiga mawe badala ya kuyageuza. Na sufuria yangu ngumu ilikaa juu ya kitu kigumu kilichokaa juu ya sakafu ngumu, kwa hiyo saruji yote ya nyumba ya Hajjati ilikuwa inaimba pamoja nami.

"Bibi, naomba hii ngata."

"Ya nini? Una mtungi Mbarara?"

"Nina mashine."

Alinitazama kichwani. "Utaibeba kichwani?"

"Itakaa juu yake tu, kama kibuyu. Sina fasi nyingine ya kuipata."

"Hii haiendi popote. Ina miaka kuliko akili zako." Lakini aliingia ndani, akatoka na fungu la maganda ya mgomba, akaanza kusokota nyingine palepale, pana kama kiti, akinisuta muda wote. Kwamba watu wa mjini wanasoma mpaka jioni na bado hawajui kusuka maziwa. Kwamba mama yangu alivunja majembe matatu kwenye mawe yale, na mimi nimeona ni heri niyaogeshe. Alipomaliza aliikalia mwenyewe kuipima, akaridhika. "Usiiweke karibu na moto," akasema, na akanijazia chupa hadi shingoni.

*

Hizi ndizo kazi nilizofanya wiki mbili zile, na hapa ndipo mlipotaka nifike.

Chuma cha kuyumbisha nilikipunguza kwa tupa, kidogo kidogo, nikijaribu kila mara, mpaka kikabaki kama kidole gumba. Hapo mawe yaliacha kuruka, yakaanza kujigeuza. Nilijua kwa sikio, si kwa macho: unaweka ncha ya bisibisi kwenye bakuli na mpini kwenye sikio lako, unasikiliza kama daktari.

Sufuria niliivisha mpira wa ndani wa gurudumu la lori, nikaugandisha kwa gundi ya viraka vya baiskeli, ndani na nje, ikanyamaza kulia kama kengele. Nikalijaza bakuli karibu lote, maana mawe yenye nafasi hugombana. Makubwa na madogo pamoja, madogo yakijaza mapengo.

Maji ni kidogo. Hapa wengi mtakosea kama nilivyokosea. Maji yakizidi mawe yanaogelea na kazi haiendi. Unataka unyevu tu, tope lishike jiwe kama uji mzito unavyoshika mwiko. Nilitia kijiko cha sukari lishike zaidi, na Mzee Idi akasema mawe yangu yanakunywa vizuri kuliko yeye.

Msasa tuliutengeneza wenyewe. Tuliponda vipande vya diski zilizokwisha za kusagia chuma, tukakoroga kwenye ndoo ya maji, tukahesabu hadi kumi na kumimina maji yake kwenye ndoo ya pili. Kilichobaki chini ni chenga kubwa, za kuanzia. Ndoo ya pili unaiacha itulie hadi kesho, chini yake unapata unga laini wa hatua inayofuata. Kati ya hatua na hatua osha kila kitu, hata kucha zako. Chenga moja kubwa ikijificha itachora kazi ya siku nne. Mwisho kabisa mawe huzungushwa makavu, ndani ya magunzi ya mahindi yaliyosagwa, pamoja na poda nyekundu ya kutu iliyochomwa na kuchekechwa. Hapo ndipo yanapofungua macho.

Kila nati niliifunga na nati ya pili juu yake, kwa sababu kutetemeka kunafungua kila kitu isipokuwa mdomo wa mkubwa wako wa kazi. Springi za Afande zilisimama juu ya ubao, ubao ukakaa juu ya ngata ya Bibi Kankindi, na ngata ikakaa sakafuni. Nikafunika yote kwa boksi la mbao, ndani nimelibandika magunia mawili mawili, boksi lenyewe lisiguse mashine mahali popote.

Nikawasha. Mzee Idi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake na macho ameyafumba.

"Washa," akasema.

"Imewaka, Mzee."

Alifumbua macho. Alipeleka mkono wake unaotetemeka, akauweka juu ya boksi lililotulia, akauacha pale. Nimepewa vyeti viwili maishani mwangu. Ule mkono ulikuwa cheti cha kwanza.

Baada ya saa mbili tulisikia harufu ya kuungua. Boksi nilikuwa nimelifunga pande zote kama sanduku la pesa, na mota haikuwa na mahali pa kuvutia hewa. Ngata ilikuwa imeanza kubabuka pembeni. Usiiweke karibu na moto, aliniambia. Nilitoboa matundu chini, upande wa ukutani, na mengine juu, hewa baridi iingie chini na ya moto ipande. Juu ya matundu ya juu nikaweka ubao mwingine ulioinuliwa kwa vigingi, ili sauti isitoke moja kwa moja. Ngata iliyobabuka niliigeuza upande. Ikapona.

*

Siku ya ishirini na tisa ya Shaabani, watu wote Mbarara wakingoja magharibi watazame mwezi, Hajjati alikuja karakana baada ya alasiri. Mvua ilikuwa imenyesha na baraza lake lilivuja, kwa hiyo wasichana sita walimfuata nyuma wakiwa na misahafu kifuani.

"Idi, leo darasa litakuwa humu, kuna pakavu," akasema. "Na tukimaliza, wewe na mimi tutazungumza habari ya ufunguo. Naona mmezima mashine kwa heshima ya siku. Ahsanteni. Lakini kesho mtaiwasha, na mimi si mtoto."

Mzee Idi alinitazama. Mimi nilifungua mdomo, naye akanikanyaga mguu.

"Karibu, Hajjati," akasema. "Kaa hapo juu ya boksi. Kiti kingine sina."

Hajjati akakaa. Akapanga kanga yake, akavaa miwani, wasichana wakaketi sakafuni mbele yake. Mwajuma wa Afande akaanza kusoma. Chini ya Hajjati, kilo nane za mawe niliyoyabeba kutoka shamba la mama yangu zilikuwa zinajigeuza.

Sijawahi kusimama wima vile. Mwajuma alisoma kwa sauti ndogo, kichwa chini, aya moja, aya ya pili. Mzee Idi alikuwa anajifanya anatafuta koleo ambalo lilikuwa mkononi mwake. Aya ya tatu.

"Rudi," akasema Hajjati.

Mwajuma akaacha kusoma.

"Hiyo irefushe. Umeikata. Rudi kutoka mwanzo wa aya."

Mwajuma akarudi, akairefusha. Hajjati akatikisa kichwa, sawa, endelea. Kosa dogo namna ile, urefu wa pumzi moja, alikuwa amelisikia akiwa juu ya mashine. Mzee Idi aligeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka, na safari hii si ugonjwa.

Darasa likaisha. Wasichana wakabusu misahafu. Hajjati alijaribu kuinuka, akasita, akaweka kiganja juu ya boksi.

"Idi. Mbona kiti chenu kina joto?"

Mzee Idi aliniambia nifungue. Nikainua ubao wa juu. Hajjati aliinama na miwani yake, akayaona mawe yakitembea polepole, meupe na mekundu, yakipandana mabega, wala sauti haikumfikia isipokuwa mnong'ono kama wa mchanga. Alitazama muda mrefu. Wasichana walisogea, naye hakuwafukuza.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu jana, Hajjati," nikasema.

Alikaa tena. Alikaa palepale juu ya boksi, akanyoosha goti moja baada ya jingine.

"Ufunguo kaeni nao," akasema. "Magoti yangu yamepata nafuu."

Nilifanya mtihani mwaka ule na nikapita, ingawa si kwa alama za kuwatisha. Jiwe la kwanza kutoka kwenye ile mashine nilimpelekea Bibi Kankindi. Aliligeuza, akaliona linang'aa, akauliza, "Hili ndilo lililovunja jembe la mama yako?" Nikamwambia ndilo. Akasema limeoshwa uso tu, tabia itakuwa ileile, akalifunga kwenye pindo la nguo yake na hakunirudishia. Ngata aliendelea kunisokotea kila mwaka mpaka macho yake yalipochoka, kisha akamfundisha mama yangu, na mama akanifundisha mimi. Nyinyi mna mipira ya kila aina. Itumieni. Lakini siku mkishindwa njooni niwasokotee moja.

Hajjati naye hakurudi tena barazani kufundisha. Alifundisha humu, juu ya boksi, miaka yote iliyobaki, mvua au jua. Na siku umeme ulipokatika, wa kwanza kulalamika Mbarara nzima alikuwa yeye. Sauti yake ilikuja kutoka katikati ya wasichana, kali, hadi nilipokuwa nachonga:

"Byamungu, kiti kimepoa. Fanya kazi yako."